Somo: Kupinga tiketi ya paking uliyopigwa kwenye eneo la serikali kuu Marekani

Wadau, swali hili linarudi kila mara kwa watu wetu walioko Marekani. Mtu kaingia posta au hospitali ya maveterani (askari wastaafu) au jengo la ofisi za serikali kuu, kapaki kidogo tu, akitoka anakuta karatasi kwenye waipa. Anaichukulia kama zile za jiji, anaitupia kwenye dashibodi, basi. Hapo ndipo anapojichongea, maana ile sio tiketi ya jiji, ile ni kesi ya jinai mahakama ya federali. Kesi ndogo sana ndio, lakini ni kesi, na inapingwa kwa njia yake.

Hatua ya 1: angalia karatasi ni ya nani

Soma juu kabisa. Kama imeandikwa United States District Court Violation Notice, endelea na somo. Kama ni ya jiji, kaunti au jimbo, fuata maelekezo yaliyo kwenye hiyo karatasi, huko utaratibu ni mwingine kabisa. Walioko kambi za jeshi muwe makini kidogo, kuna fomu mbili zinazochanganya watu: DD Form 1408 inaishia kwa uongozi wa kambi na unajitetea hukohuko, DD Form 1805 ndiyo hii ya mahakamani.

Hatua ya 2: usilipe kwanza

Najua kishawishi kipo, unataka yaishe. Lakini ukilipa umeshamaliza kesi, hakuna cha kupinga tena, na karatasi yenyewe inakuonya kwamba kulipa kunaweza kuhesabika kuwa umekiri kosa. Pesa zinapokelewa na Central Violations Bureau, CVB kwa kifupi, wako San Antonio, Texas, hata kama umepigwa tiketi upande wa pili wa nchi, na juu ya faini wanaongeza dola 30 za usindikaji. Sasa watu wanawapigia simu kujieleza weee, mvua ilikuwa inanyesha, nilikuwa na mtoto, kibao sikukiona. Unapoteza muda. CVB hawana mamlaka ya kufuta wala kupunguza, wao ni makarani, anayeamua ni hakimu.

Angalia pia kiboksi kilichotikiwa. A maana yake lazima ufike mahakamani, hakuna kulipa ukakaa nyumbani. B maana yake chagua, ulipe au ufike mahakamani. Tiketi nyingi za paking ni B.

Hatua ya 3: kusanya ushahidi siku hiyohiyo

Hapa ndipo unaposhinda au unaposhindwa kesi, kwa hiyo usiondoe gari kabla hujapiga picha. Piga gari lilivyokaa, mistari ya rangi chini, kibao cha karibu, halafu rudi mpaka pale gari zinapoingilia upige picha zote ukielekea ulipopaki, ili hakimu aone kile dereva anachokiona akiwa anaingia. Kibao kimefunikwa na matawi? Rangi ya njano imefutika? Kibali chako kilikuwa kimeanguka chini ya usukani? Yote hayo picha. Kama kosa ni umbali kutoka bomba la zimamoto, chukua futi kamba upime, maana kwenye maeneo ya hospitali za maveterani kanuni inataja futi 15, na futi 15 za macho ya askari sio lazima ziwe futi 15 za kweli.

Halafu tafuta namba ya kanuni iliyoandikwa kwenye tiketi, itakuwa na herufi CFR katikati, yaani mkusanyo wa kanuni za serikali kuu. Mfano 38 CFR 1.218 ni hospitali za maveterani, 39 CFR 232.1 ni posta. Zote zipo mtandaoni bure. Soma maneno yenyewe ya kanuni, usisome alichokuambia askari. Mara nyingi kanuni inasema ni marufuku kupaki kinyume na vibao vilivyowekwa, sasa kama kibao hakipo umepaki kinyume na nini?

Na hapa kuna silaha wengi hawaijui. Kwa majengo yanayolindwa chini ya 40 U.S.C. 1315, yaani sheria ya ulinzi wa mali za serikali kuu, sheria hiyohiyo inataka kanuni zibandikwe mahali panapoonekana kwenye eneo husika. Kazipige picha, au piga picha ukuta usio na kitu. Ila usiende na kichwa kikubwa, kuna mahakama ya rufaa ya federali ilishasema mwaka 2005 kwamba kama mtu alijua kabisa anachofanya ni marufuku, kwa mfano askari alimwambia mdomoni, kukosekana kwa tangazo hakumwokoi.

Hatua ya 4: subiri barua, na hakikisha inakufikia

Kama tarehe ya mahakama haijaandikwa kwenye tiketi, utatumiwa kwa posta. Umehama? Waandikie CVB anwani mpya. Hatua fupi lakini ndiyo inayoangusha watu. Barua ikienda nyumba ya zamani na wewe hukutokea, hakimu anaweza kutoa samansi au hati ya kukukamata, na taarifa inaweza kufika kwa wanaotoa leseni za udereva kwenye jimbo lako.

Hatua ya 5: siku yenyewe

Printi picha zako. Mahakama kadhaa za federali simu inaachwa getini, sasa unafika mbele ya hakimu unasema ushahidi uko kwenye simu, na simu iko kwa mlinzi. Printi nakala tatu, yako, ya hakimu, ya mwendesha mashtaka.

Fika mapema umtafute mwendesha mashtaka kabla hamjaitwa. Muonyeshe picha kwa adabu umwombe afute. Kesi nyingi ndogo zinaishia hapo kwenye korido, sababu na yeye ana rundo la tiketi asubuhi hiyo. Akikataa, unasema sina hatia, na shauri linasikilizwa na hakimu peke yake, juri hakuna kwa makosa madogo hivi. Kazi ya kuthibitisha ni ya serikali, bila kuacha shaka ya maana. Askari akimaliza kueleza una haki ya kumuuliza maswali: ulisimama wapi, kibao kiko umbali gani, ulipima kwa kifaa gani? Maswali mafupi, usigombane naye.

Ukishindwa una siku 14 za kukata rufaa kwa jaji wa wilaya wa mahakama hiyohiyo. Haisikilizwi upya, anapitia kumbukumbu tu, kwa hiyo ambacho hukukisema kwa hakimu hukisemi tena huko.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu asante kwa somo. Askari kakosea herufi moja ya pleti namba, si inafutika yenyewe hiyo?

Jibu: Hapana kaka, usiitegemee. Kosa la kalamu linaweza kurekebishwa. Litaje, lakini liwe la pili, la kwanza liwe lile la kibao au rangi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi Kiingereza cha mahakamani kinanipiga chenga, naogopa kusimama nikaongea pumba.

Jibu: Marahaba mama. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema, piga simu ofisi ya karani wa mahakama mara tu barua ikifika. Kuna sheria ya wakalimani ya mwaka 1978, kesi ikifunguliwa na serikali kuu mkalimani analetwa na mahakama, wewe hulipi. Usiende na mtoto wako akutafsirie.

Swali: Gari ni langu ila aliyepaki ni mdogo wangu, tiketi ilibandikwa tu kwenye kioo. Inakuwaje?

Jibu: Soma kanuni uone inamgusa aliyepaki au mwenye gari. Kama ni aliyepaki, serikali ndiyo ithibitishe ni wewe. Lakini barua ikija kwa jina lako nenda, na usidanganye chochote ukiwa huko, kosa la uongo ni kubwa kuliko la paking.

Swali: Natarajia kuomba uraia mwakani bro, hii itaniharibia?

Jibu: Fomu ya N-400 inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa, kwa hiyo usiifiche. Omba karani akupe nakala iliyogongwa muhuri ya jinsi kesi ilivyoisha, iwe umelipa au imefutwa, uitunze. Na kabla hujakiri kitu chochote muulize wakili wa uhamiaji, hata ushauri wa mara moja.