Kulishtaki bomba la mafuta Mahakama ya Afrika Mashariki: anza na kalenda

Asasi nne za kiraia zilifungua kesi katika Mahakama hiyo, Arusha, tarehe 6 Novemba 2020 kupinga bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga, lenye kilomita 1,443. Tarehe 29 Novemba 2023 kesi ikatupwa, hoja za mazingira na tabianchi zikiwa hazijaamuliwa. Walichelewa. Uganda na Tanzania zilisaini makubaliano ya bomba Mei 2017, na majaji wakaona kesi ilipaswa kuja wakati ule.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mtaalamu wa hewa ukaa, tafuta tarehe. Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoa miezi miwili tu tangu sheria, uamuzi au kitendo kinacholalamikiwa. Pasipo tarehe hiyo, tangu mlalamikaji alipopata habari. Orodhesha kila hatua ya serikali: makubaliano, cheti cha mazingira, leseni, tangazo la gazeti la serikali. Kando ya kila moja andika siku ilipotoka, siku mlipoijua na karatasi inayothibitisha. Jambo lililokwisha kutangazwa redioni na magazetini, "hatukujua" haitawafikisha mbali.

Usijipe moyo kwamba madhara bado yanaendelea. Katika rufaa ya Kenya dhidi ya IMLU, asasi ya haki za binadamu, mwaka 2012, Mahakama iliikataa hoja hiyo na kusema Mkataba hauruhusu kuongeza muda. Na kama kosa lenyewe lilikuwamo kwenye makubaliano ya kwanza, kushika hati ya baadaye ni kamari.

Mtego mwingine umejificha ndani ya nafuu. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu au asasi, anaweza kwenda Arusha bila kumaliza mahakama za nyumbani. Wengi huanza nyumbani hata hivyo, na huku wakisubiri hukumu miezi miwili inaisha.

Mshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu wa nchi husika, au Katibu Mkuu wa Jumuiya ikiwa chombo chake kimekosea. Kampuni ya mafuta usiiweke. Ibara ya 30 inahusu vitendo vya nchi na vyombo vya Jumuiya.

Kwenye madai, taja ibara na kitendo kilichoivunja. Kesi ya barabara ya Serengeti, iliyofunguliwa 2010, ilisimama juu ya ibara za mazingira kama 111 na 114, na Juni 2014 Mahakama ikazuia barabara ya lami kukatiza hifadhini. Ukitaka ujenzi usimame kwanza, omba zuio la muda chini ya Ibara ya 39 siku ileile unayofungua shauri.

Lugha ya Mahakama ni Kiingereza, basi mihtasari ya vijiji na viapo vya Kiswahili vitafsiriwe mapema. Ushahidi wote uingie mwanzoni: rufaa husikiliza makosa ya sheria, mamlaka na utaratibu tu.