Kuchagua mbegu ya muhogo isiyo na michirizi ya kahawia

Mkulima wa Tandahimba au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, mara nyingi huugundua ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoletwa na virusi, siku ya kuvuna: juu muhogo umenawiri, chini mizizi ina uozo wa madoa makavu ya kahawia, hailiki. Ukingoja siku hiyo umechelewa. Anza ukaguzi majani yangalipo.

Machi na Aprili, mvua ikiwa haijakatika, angalia majani ya chini yaliyokomaa. Tafuta umanjano unaofuata mishipa midogo ya jani. Batobato ni ugonjwa mwingine, huo hukunja majani machanga ya juu. Mimea safi ifunge utepe, kwa sababu kiangazi majani hayo hupukutika na dalili huondoka nayo.

Ukivuna, kata kila mzizi wa mmea wenye utepe mara tano kwa kukingamisha kisu, upate vipande vya mviringo. Doa moja tu, mashina yake usiyapande.

Kwa nini kukagua jani peke yake hakutoshi, wala mzizi peke yake? Ndani ya seli ya muhogo virusi hivi hutengeneza protini moja ndefu, kisha huigawa kuwa kumi. Mojawapo, P1, huzima kinga ya seli inayokatakata RNA ya virusi, yaani chembe inayobeba maagizo yao ya urithi. Nyingine ndogo ni Ham1. Viumbe wengi wana protini ya jamii hiyo, ya kuondoa vijenzi vibovu vya RNA na DNA, ila ni nadra mno kuikuta kwenye virusi vya mimea. Watafiti walipoiharibu Ham1, mmea wa jamii ya tumbaku uliendelea kuwa na virusi lakini uozo ukapungua. Kwa hiyo kukosa uozo si kukosa virusi! Aina ya muhogo iitwayo Kiroba ni mfano: huvumilia, mizizi ikawa mizuri, huku shina limebeba ugonjwa ambao inzi weupe wataupeleka kwenye muhogo dhaifu wa jirani.

Pingili zitoke katikati ya shina la miezi 8 hadi 18, urefu sentimita 20 hadi 30, macho 5 hadi 7. Nafasi ya mita 1 kwa 1 hubeba mimea kama 4,000 kwa ekari.

Zikichipua, pita kila wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo, ng'oa mmea wenye dalili na uutoe shambani. Hakuna dawa ya kupulizia inayoua virusi hivi. Pengo lizibe kwa pingili ulizozikagua mwenyewe, au liache wazi.