Kutengeneza Ubao wa Beseni la Kunawia katika Karakana ya Nyumbani

Ubao wa kuwekea beseni la bafuni hapa Tanga una maadui wawili: maji yanayoumwagikia kila siku na hewa ya bahari yenye unyevu, na huyu wa pili ndiye ambaye mafundi wengi humsahau. Mimi hutumia mtiki, ambao mafuta yake ya asili huusaidia kustahimili maji, nasi tumebahatika kuwa na shamba la mitiki la Longuza karibu, kule Muheza.

Kwanza, chagua mbao zilizokauka, zenye unene wa inchi 1½ au 2. Zipange karakanani ukizitenganisha kwa vijiti, uziache wiki mbili au tatu zizoee hewa ya hapa kabla hazijaguswa na randa.

Pili, piga randa kingo mpaka mbao mbili zikisimamishwa pamoja mbele ya dirisha mwanga usipenye kati yake. Zifute kingo hizo kwa kitambaa chenye thina muda mfupi kabla ya kuunga, kwa sababu mafuta yale yale yanayoukinga mtiki huizuia gundi kushika, kisha paka epoksi, yaani gundi ya kuchanganya sehemu mbili. Gundi nyeupe ya kawaida haifai bafuni. Kaza jiriwa mpaka gundi ichuruzike kidogo kwenye mstari wote, usizidishe, maana gundi ikikamuliwa yote kiungo hubaki kikavu.

Tatu, lilaze beseni kifudifudi, chora mzingo wake, kisha chora mstari wa pili sentimita 1½ ndani ya ule wa kwanza na ukate hapo. Geuza ubao, uchimbe mchirizi mwembamba wa kina cha milimita 3 karibu na ukingo wa mbele: tone linaloteremka litafika hapo na kudondoka, badala ya kutambaa hadi kabatini.

Nne, baada ya msasa, paka vanishi ya maji juu na chini kwa idadi ileile ya mikono, kwani upande mmoja ukiachwa wazi ubao utapinda. Tundu la beseni lipakwe epoksi mara tatu kabla ya vanishi, kwa sababu ncha za nyuzi zilizokatwa hapo hunyonya maji kama utambi.

Mwisho ni kufunga, na hapa ninaomba usiharakishe. Ubao wangu wa kwanza niliukaza kwa skrubu katika matundu ya duara. Wakati wa masika ulivimba, na kiangazi kilipoingia ukapasuka kutoka kwenye tundu la beseni hadi ukingo wa nyuma. Ubao wenye upana wa sentimita 55 unaweza kutanuka na kusinyaa milimita 3 au 4, nao hufanya hivyo kwa upana, si kwa urefu. Kwa hiyo, skrubu za mbele zipite katika matundu ya duara, za nyuma katika matundu marefu yanayoelekea ukutani, zikiwa na washa (vipete bapa vya chuma) chini ya vichwa vyake, na pengo la milimita 5 kati ya ubao na ukuta lijazwe silikoni, kamwe si saruji.