Jinsi ya kuendesha gazeti huru la vijana wahafidhina Lubumbashi

Kabla ya kuhangaika na jina na nembo, andikeni ukurasa mmoja unaoeleza mnatetea nini. Si lazima kuazima uhafidhina wa Marekani. Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006, kifungu cha 34, inasema mali ya mtu binafsi ni takatifu. Kifungu cha 207 kinatambua mamlaka ya kimila. Ongezeni familia, imani na kodi isiyomkaba mchuuzi, na msomaji wa komini ya Katuba atajiona humo. Ukurasa huo ndio mtakaomwonyesha mwanasiasa atakapokuja na pesa akitaka muwe tarumbeta yake.

Watu watano wanatosha: mhariri, waandishi wawili, mpanga kurasa anayepiga pia picha, na mweka hazina. Mhariri asishike pesa kamwe. Pitieni CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, muulize hati za kutangaza gazeti, na UNPC, chama cha waandishi wa habari, kuhusu kadi za waandishi.

Toleo moja kwa wiki linatosha. Karatasi ya A3 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A4: tatu za habari, ya nne ya maoni. Toleo hilohilo litumeni kwa WhatsApp kama PDF isiyozidi mega 1, kwa sababu msomaji hununua intaneti kidogo kidogo, na faili zito halifunguliwi. Punguzeni picha kwanza, upana usizidi pikseli 1,200. Kurasa zikamilike mchana. Mkingoja usiku, umeme wa SNEL ukikatika toleo limelala.

Magazeti yenye msimamo hufia hasa pale hukumu inapopenyezwa ndani ya habari. Asiyekubaliana nanyi akiiona, haamini tena hata tarakimu zenu. Tuseme wachuuzi wa Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, wanalalamika kwamba wanatozwa kodi moja mara mbili. "Meya anyonya maskini" si habari. Ombeni risiti kwa wachuuzi watatu wasiouzia kwenye meza moja, mzipige picha mbele na nyuma, kisha msome tarehe, muhuri, jina la kodi na ofisi iliyoitoza. Huenda moja ni ya komini na nyingine ni ya jimbo. Hapo habari ni nyingine kabisa. Pelekeni maswali kwenye komini kwa barua, mrudi na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na muwape saa 48. Wakinyamaza, andikeni kwamba waliulizwa tarehe fulani na hawakujibu. Hasira yenu juu ya kodi iende ukurasa wa nne, chini ya jina la aliyeiandika.

Nakala ile yenye muhuri itunzeni vizuri. Sheria ya Adhabu, Kitabu cha Pili, kifungu cha 74, inaadhibu kumsingizia mtu jambo linaloharibu heshima yake, na mlalamikaji hatakosa. Mliyemtaja akileta jibu, lichapeni mahali palepale na kwa herufi za ukubwa uleule. Habari ya radio trottoir, yaani uvumi wa mitaani, isiingie mpaka watu wawili walioshuhudia kwa macho yao waithibitishe, kila mmoja peke yake. Picha iliyotumwa na mtu, ombeni faili la asili. Iliyopita kwenye makundi kumi huwa imepoteza tarehe na mahali.

"Coupage", ile bahasha ya mwisho wa mkutano, ikataeni bila kujadiliana. Lakini kukataza hakutoshi: mwandishi aliyetoka Ruashi bila nauli ya kurudi ataipokea tu, hata awe mcha Mungu namna gani. Kwa hiyo pesa ya kwanza kuingia ilipe nauli, uchapaji ufuate. Uzeni matangazo ya harusi, matanga, maduka ya dawa na mafundi. Wafanyabiashara wadogo walipe kwa mwezi. Mtu mmoja asichangie zaidi ya robo ya mapato, la sivyo atataka kusoma kurasa kabla yenu.

Vijana huhama: masomo huisha, kazi hupatikana Kolwezi. Nywila zote zijulikane na watu wawili, namba ya simu ya gazeti isiwe ya mtu binafsi, na kila anayeshika nafasi ya mhariri afanye matoleo manne pamoja na anayeondoka.