SOMO: Kuchanganya klorini ya 0.5% wodini

Mimi ni mratibu wa IPC, kukinga na kudhibiti maambukizi, hospitali ya wilaya. Kila wiki naulizwa jiki inachanganywa ngapi kwa ngapi. Naandika mara moja hapa.

1. Vaa glavu nzito, aproni, miwani, buti. Fungua madirisha.

2. Soma lebo. Hapa niliharibu. Tulizoea jiki ya 3.5%: kipimo kimoja, maji vipimo sita. Siku moja stoo wakaleta madumu ya 5%, nikachanganya kwa mazoea. Mama wa usafi akakohoa, machozi yakamtoka, tukamtoa nje. Alikuwa ameniamini. Tangu siku ile napiga hesabu kwanza: asilimia ya lebo gawa kwa 0.5, toa 1, hivyo ndivyo vipimo vya maji. Ya 5% inataka maji vipimo 9. Ikiwa hafifu ni hatari zaidi, maana hakohoi mtu na vijidudu vinabaki. Angalia pia tarehe. Klorini ikikaa sana hupungua nguvu. USICHANGANYE na tindikali wala amonia. Inatoa gesi ya sumu.

3. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, andika saa. Ikifika saa 24, mwaga.

4. Damu ikimwagika, futa na uoshe kwa sabuni kwanza, ndipo klorini, dakika 10. Uchafu unaila nguvu.

Maswali ya wasomaji, na majibu yangu:

Mkuu, kwa jiki ya kawaida ni ngapi kwa ngapi?
Hatua ya 2.

Sijasoma yote, nina haraka. Nipe namba tu.
Namba bila lebo ndiyo iliyomuumiza yule mama. Soma.

Yetu ni ya unga, 70%.
Umeuliza vizuri, dada. 0.5 gawa kwa 70, zidisha 1000: gramu 7 na kidogo kwa lita. Vijiko havilingani. Azima mizani ya famasia, pima, kisha tia alama kwenye kikombe kimoja cha kudumu.

Tulifundishwa kuloweka vyombo vya upasuaji humo kabla ya kuosha.
Hata mimi. Mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa 2016 hautaki: klorini hula chuma, na damu huidhoofisha. Viache na unyevu, osha kwa sabuni yake, kisha autoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke.

Samahani, mimi ni wa usafi tu. Dekio moja linatosha?
Usiseme "tu", mama. Hapana, la chooni lisiingie wodini. Funga kitambaa chekundu kwenye mpini wake, hata wa zamu ya usiku atalijua.