Robine imekauka, moteri ya boti utaisafisha na nini?

Wandugu wenye boti hapa Goma, hasa sisi wa Kituku tunaoenda Idjwi na Minova, kila robine ikikauka naulizwa swali moja, papa, moteri nitaisafisha na nini sasa, bidoni za maji ziko za kupikia na kuogesha watoto. Jibu langu ni lile lile: na ziwa. Usiguse bidoni ya nyumbani, ile imepanda mlima na chukudu na mama anaihesabu.

Ile kanuni ya kupitisha maji ya robine mu moteri kila ukirudi imetoka kwa watu wa bahari. Huko Mombasa ao Dar chumvi inakula chuma ndani, wao hawana namna. Kivu yetu haina chumvi ya vile, lakini iko na mambo yake. Kuna mchanga mweusi wa volkano, ule unakwaruza kama chupa iliyosagwa, na kuna chokaa, angalia mawe ya lava pale ukingoni yenye ganda jeupe, ile ile ndiyo inakaa pole pole kwenye njia ndogo za maji ndani ya moteri. Tena kuna masashe ya plastiki na nyuzi za nyavu za sambaza. Kwa hiyo kusafisha ni lazima, ila maji safi ya ziwa inatosha kabisa.

Njia nyepesi haikuombi hata ndoo moja. Ukirudi safari usiingie mbio mpaka ukingoni, simama kule nje kama mita 100 ao 200 pale maji bado iko safi, toa vitesi, acha moteri kwa ralanti, izunguke pole pole tu, dakika 5 hivi huku unaangalia vile inakojoa. Kale kamaji kanakotoka pembeni katoke kwa nguvu, bila kukatika. Kakiwa kembamba zima moteri, iinamishe juu, angalia ile grille ya chini pale inavutia maji, mara nyingi utakuta sashe imeng'ang'ania. Kama grille iko safi, pitisha uzi mgumu wa plastiki kwenye katundu ka kukojolea, usitumie msumari. Halafu ukifika, moteri usiiache inakorogea pale ukingoni kwenye tope na mafuta, ingia pole pole, zima mapema, malizia na kasia.

Kama moteri imetoka mu maji, iko ku stendi, tafuta pipa ya litre 200. Usiikate katikati kabisa, acha kama robo tatu ya urefu wake, kwa sababu maji inatakiwa kupita ile sahani ya chuma iliyo juu ya elise, yale mapanga yanayosukuma boti, kwa vidole vinne ao vitano. Jaza na maji ya ziwa, uyachote pale wazi, uyachuje na kitambaa maana ukirudisha mchanga ndani hujafanya kitu. Ukiona elise inakaribia kugusa pipa, itoe kwanza. Usiingize vitesi hata kidogo, ni ralanti tu, dakika 5 mpaka 10, na pipa ikae nje kwenye hewa, moshi wa moteri unaua mtu ndani ya chumba. Maji ikipata moto sana ao ikijaa mafuta, simamisha, badilisha.

Kuna wanaoweka tangi juu ya nyumba na kushusha tiyo mpaka ku moteri. Hapo muwe makini. Tangi ikiwa mita 2 juu ya moteri presha yake ni kama bar 0,2 tu, ndogo sana. Kwa moteri yenye mdomo wake wa kufungia tiyo, ile unasafisha ikiwa imezimwa, sawa inasaidia. Lakini zile sahani mbili za mpira za kubana kwenye grille halafu unawasha, hapana, maji haitafika ya kutosha.

Na kuwasha kavu, hata "kidogo tu nisikie kama inawaka", nawaomba wandugu musifanye. Mimi nilifanya, moteri ya chevaux 15, haikufika dakika 2. Ndani ya pompi ya maji kuna gurudumu kadogo ka mpira, kanalainishwa na maji yenyewe, bila maji kanasuguana na kuungua. Siku hiyo sikuona kitu. Kesho yake katikati ya Goma na Idjwi kukojoa kukakatika, moteri ikaanza kunuka, niko na abiria, mama mmoja na mtoto mgongoni, na upepo umeshaanza. Tulipiga kasia masaa. Ile sura ya yule mama sijaisahau.

Sasa elise. Kila mwezi itoe uangalie nyuma yake, uzi wa nyavu unajizungusha pale kwenye chuma, unakata mpira unaozuia mafuta, maji inaingia mu geri. Fungua kidogo skuru ya chini ya geri, mafuta ikitoka nyeupe kama maziwa ujue maji imeshaingia, peleka kwa fundi kabla ya safari ingine.

Boti yenyewe bidoni 2 zinatosha, na hizo ni za ziwa pia. Fagia kwanza ikiwa kavu, tope na magamba ya samaki yote nje, watu wengi wanamwaga maji juu ya uchafu njo maana hawashibi maji. Sugua na brosi na maji kidogo ya sabuni ndani ya ndoo, kuanzia juu kushuka, kisha suuza na kitambaa. Alama nyeupe za chokaa zinatoka na ndimu ao vinegri, suuza haraka.

Sabuni na mafuta visirudi ziwani karibu na pale watu wanachota. Tangu volkano ya 22 Mei 2021 iharibu mabomba, na tena wakati wa vita ya Januari 2025, tumeona mji mzima ukishuka na bidoni. Kuna pale wanatia dawa ya kloro mu bidoni na sirenge, lakini kloro haitoi esansi. Maji ya pipa yenye mafuta yamwage mbali, kwenye shimo la mchanga ndani ya kiwanja, na vidanji, yale mafuta ya moteri yaliyokwisha kazi, iweke mu bidoni yake umpelekee fundi.

Ukimaliza, moteri ikae wima mpaka maji yote itoke, usiilaze ingali inatiririka. Kama haitafanya kazi wiki mbili tatu, ingali kwenye pipa toa tiyo ya esansi uiache iwake mpaka ijizime, karabirateri ibaki tupu.