Upepo wa Kusi na Sarafu ya Twiga Kwenye Grini

Mimi ni kedi. Nabeba mifuko ya wachezaji gofu Mombasa Golf Club, mashimo 9, pale Mama Ngina ambapo meli za Kilindini zapita mbele ya macho yetu. Mgeni akifika grini, zile nyasi fupi zenye shimo, hutaka nimfundishe kupiga pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Mimi humwambia atoe sarafu kwanza.

Weka shilingi nyuma ya mpira, ndipo uuinue. Ukiuinua bila alama, adhabu ni pigo 1. Miezi ya kusi jambo hili ni zito kwetu. Upepo ukiusukuma mpira ambao hujauinua, utaupiga pale uliposimama, hata ukiwa umeteremka hadi nje ya grini. Ukishauinua na kuurudisha, upepo ukiuchukua unaurudisha palepale, bila adhabu. Sarafu peke yake haitoshi, lazima mpira uwe umeinuliwa. Nimeona watu wazima wakibishania hilo mpaka feri ikavuka Likoni ikarudi.

Sarafu ikiwa kwenye njia ya mwenzako, isogeze kando kwa upana wa kichwa cha pata, ukilenga mti au kitu kisichohama. Halafu irudishe! Bosi wangu mmoja alisahau, nami nilikuwa nimeinama napangusa mpira. Adhabu mapigo 2, na hakunisemesha hadi tulipofika kwenye magari. Tangu siku ile, sarafu ikisogezwa tunaigeuza, yule twiga aliyechorwa kwenye shilingi alale kifudifudi. Ukiona ubavu wake hauonekani, jua kuna deni la kuirudisha.

Njia ya mpira wa mwenzako usiikanyage. Iruke au izunguke. Jioni angalia na kivuli chako. Vishimo vya mipira uliruhusiwa kuvitengeneza tangu zamani, na alama za viatu tangu 2019, kwa hiyo usipite tu. Bendera pia tangu mwaka huo yaweza kubaki shimoni ukipiga. Ukiitoa, ilaze taratibu, usiitupe kama mkuki.

Mpira ukining'inia mdomoni mwa shimo, fika bila kujikokota, kisha ngoja sekunde 10. Ukidumbukia katika muda huo, umeingia kwa pigo lako la mwisho. Baadaye, ongeza 1. Dua unaweza kuomba; kupuliza, hapana.

Mkimaliza, rudisheni bendera muondoke. Kadi ya mapigo mtaijazia kule mbele, nyuma kuna watu wamesimama juani.